Mashine Haitengenezi Ushirika: Kwa Nini Mipango ya Kidijitali Hushindwa, na Jinsi ya Kuizuia Isishindwe

Katika miaka ya karibuni vyama vya ushirika nchini vimetakiwa kuacha daftari na kuingia katika mifumo ya kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Ufuta, mbaazi, soya na korosho vimeanza kuuzwa kwa minada ya mtandao ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Hapa mkoani Ruvuma mabadiliko hayo yanavigusa vyama vikuu kama SONAMCU cha Songea na Namtumbo, na TAMCU cha Tunduru.

Hatuna ugomvi na lengo hilo. Mkulima anayo haki ya kujua uzito wa mzigo wake, bei iliyopatikana mnadani na makato yaliyofanywa. Lakini mipango mingi ya namna hii, hapa kwetu na duniani, imekwisha kushindwa. Ni wajibu wa kada kuelewa sababu zake, maana mpango ukishindwa, anayelipa gharama ni mkulima.

1. Somo la historia

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mashine, na matokeo yake yakawa mvurugo. Wataalamu wengi walikuwa wageni, wazalendo waliofunzwa walikuwa wachache, na fedha za kigeni zilizotumika zilikuwa nyingi. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa polepole hadi kuondolewa katika miaka ya 1990.

Wako wanaoyaona marufuku yale kama hofu ya mambo mapya. Huko ni kulitazama jambo juu juu. Mashine ilikuja kabla ya watu wa kuiongoza kuandaliwa, na nchi ikalipa mara mbili: kwanza kwa fedha zilizopotea, kisha kwa miaka ya kuchelewa kujifunza.

2. Sababu za kushindwa

(a) Kudhani kuwa mashine itaondoa mvurugo. Kompyuta huharakisha kile inachokikuta. Ikikuta utaratibu mzuri, utaratibu utakwenda mbio. Ikikuta mvurugo, mvurugo nao utakwenda mbio. Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha kijijini. Katika daftari la chama mwanachama ameandikwa kwa jina la utani, katika kitambulisho cha Taifa ana jina la ubatizo, na akaunti ya benki ni ya mwanawe. Karani mwenye daftari anamfahamu, kwa hiyo malipo yalikuwa yakimfikia. Mfumo haumfahamu. Majina yasipolingana, fedha zinarudi zilikotoka, na mkulima anangoja wakati ada za shule hazingoji. Msimu unaofuata atauza shambani kwa kangomba, kwa bei ya hasara, kwa sababu kangomba analipa taslimu siku ileile. Hivyo mpango uliokusudiwa kumtoa mikononi mwa mlanguzi unamrudisha hukohuko.

(b) Kuleta mpango kama amri. Songea inao ushahidi wake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, kijiji cha Litowa na vijiji vingine vilivyoungana katika umoja wa RDA viliendesha mambo yao kwa mikutano ya wanachama. Wenyewe walipanga kazi, wenyewe wakagawana mapato, na walifikia kumiliki kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Mashine ile ilikuja baada ya makubaliano, na kila mwanachama alijua ni ya nani na inafanya nini. Umoja huo ulivunjwa mwaka 1969. Katika Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishwa kwa amri. Nyumba zilisogea, lakini moyo wa kufanya kazi pamoja haukusogea nazo. Kishikwambi kinachopelekwa kwa karani kwa waraka, bila mkutano wa wanachama, kiko katika hatari hiyohiyo.

(c) Kutotazama mgongano wa maslahi. Hili ndilo husahauliwa zaidi. Daftari lisiloeleweka lina wenye kunufaika nalo: mwenye mizani iliyochezewa, mwenye kuandika makato yasiyo na maelezo, mwenye kupitisha mzigo wa mfanyabiashara kwa jina la mwanachama. Mfumo wa wazi unawanyang'anya ulaji. Watu hao hawatasimama mkutanoni kuupinga. Watasema mtandao haupo, mashine imeharibika, wazee hawataelewa. Huo hauponywi na mafunzo ya kompyuta peke yake, kwa kuwa ni suala la nani anamsimamia nani.

(d) Kupuuza mazingira halisi. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea jenereta za dizeli. Mfumo uliobuniwa kwa ofisi yenye umeme na mtandao saa zote hauwezi kupelekwa ghalani kijijini kama ulivyo. Katika ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/2023, wakulima waliandikishwa na kupewa namba kwa simu. Wazo lilikuwa zuri, lakini mawakala walikuwa wachache, mtandao ulisumbua na foleni zikawa ndefu, wakati mvua ina tarehe zake.

(e) Kuiamini mashine kuliko mtu. Nchini Uingereza shirika la Posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, mawakala wa posta walishtakiwa, na zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Baadaye ilithibitika kuwa mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge la huko likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mamia. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye mawakili na magazeti mengi, karani wa chama cha msingi huko Madaba atajiteteaje?

3. Jinsi ya kuzuia

Kwanza, kusafisha daftari kabla ya kununua mashine. Orodha ya wanachama isomwe kijijini kwa sauti, majina yalinganishwe na vitambulisho na akaunti, na makosa yasahihishwe kabla ya msimu.

Pili, mkutano mkuu uamue. Wanachama waambiwe gharama ya mfumo, nani atalipa, na kila mwaka utadai kiasi gani. Taarifa zao pia ni mali yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, nao wanapaswa kuijua.

Tatu, kuanza na vyama vichache na kwa zao moja. Daftari na mashine viende pamoja kwa msimu mzima, na kila wiki hesabu zilinganishwe. Zikitofautiana, chanzo kitafutwe kabla ya mtu yeyote kutuhumiwa.

Nne, stakabadhi ya karatasi ibaki mkononi mwa mkulima, na jumla ya mizigo na makato ibandikwe ukutani. Asiye na simu janja naye ni mwanachama.

Tano, kufunza vijana wa hapahapa, si mmoja bali kadhaa, ili akihama mmoja kazi isisimame.

Tukumbuke jinsi huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, ilivyoenea. Watu walikuwa tayari wanatuma fedha kwa madereva wa mabasi. Huduma ile ilikidhi haja iliyokuwepo, ikamweka wakala jirani anayefahamika, na ikatumia simu ya kawaida. Hakuna aliyelazimishwa.

4. Wajibu wa kada

Kada asijipime kwa idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa. Aende ghalani siku ya kupima, amwombe mkulima stakabadhi yake, kisha amwulize maswali matatu: Mzigo wako ulikuwa kilo ngapi? Umekatwa nini? Fedha umezipata lini? Mkulima akiweza kujibu yote matatu bila kumtazama karani usoni, mpango unakwenda vizuri. Akishindwa, kazi bado, hata kama ripoti iliyofika wilayani inasema utekelezaji umekamilika.