Takwimu Zinasema Mzee Hajambo

Tangu mwaka 2010/11, halmashauri za England zimekuwa zikiwatumia dodoso watu wazima wanaopata huduma za ustawi wa jamii: wazee wanaosaidiwa kuoga na kuvaa majumbani mwao, walio katika nyumba za matunzo, watu wenye ulemavu, watu wenye maradhi ya akili. Majibu ya maswali manane hujumlishwa kuwa alama moja isiyozidi 24. Kwa miaka mingi wastani wa taifa umekuwa ukicheza karibu na 19. Katika muongo huohuo Serikali ilizipunguzia halmashauri fedha, na wazee waliokuwa wakipata huduma wakapungua. Alama haikutikisika. Waziri yeyote wa fedha angefurahi kuwa na kipimo kama hicho.

Kosa halimo katika hesabu. Dodoso humfikia anayehudumiwa. Aliyeambiwa kwamba hali yake haijawa mbaya vya kutosha kusaidiwa hayumo kwenye orodha, kwa hiyo haulizwi chochote. Wastani wa waliobaki ndani unaweza kukaa palepale huku mlango ukizidi kuwa mwembamba.

Hata hivyo, kukitupa kipimo hiki kungekuwa hasara, kwa kuwa hoja iliyokizaa ni nzuri. Kabla yake, wachumi wa afya walizoea vipimo kama EQ-5D, ambacho huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kwa dawa na upasuaji maswali hayo yanafaa, maana mgonjwa hutarajiwa kupona. Lakini mzee aliyepooza kwa kiharusi hatatembea tena kwa sababu mtunzaji amefika asubuhi. Mwaka mzima wa kumwogesha, kumlisha na kumtoa barazani apigwe na jua unaweza usiongeze hata alama moja. Na kazi isiyoonekana kwenye jedwali huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Ndipo Ann Netten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent wakaunda kipimo kiitwacho ASCOT, chanzo cha maswali yale manane ya dodoso. Nacho kinagusa mambo manane: mamlaka ya mtu juu ya siku yake, usafi wa mwili na mavazi, chakula na vinywaji, usalama, kuonana na watu, namna anavyotumia muda wake, hali ya makazi, na utu wake anaposaidiwa. Kila jambo lina ngazi nne. Ngazi ya juu katika chakula ni kupata unachokipenda wakati unaoutaka. Chakula cha kutosha kwa saa zinazovumilika ni ngazi ya pili. Nyumba nyingi za wazee, za nchi yoyote, zingejipongeza kwa kufika hiyo ya pili.

Ili kujua jambo lipi lina uzito zaidi, watafiti waliwauliza watu wa kawaida wachague. Mamlaka ya mtu juu ya siku yake yalibeba uzito mkubwa kuliko mengine yote, chakula na usafi vikiwemo. Bahati mbaya, hicho ndicho kitu cha kwanza mzee anachonyang'anywa anapohamia kwenye nyumba ya matunzo, kwa kuwa saa za kuamka, kuoga na kulala hufuata zamu za wafanyakazi. Majibu yakipewa uzito huo badala ya kujumlishwa tu, alama huanzia 1, yaani hali bora kabisa, na 0 ni sawa na kufa. Hali mbaya kuliko zote hushuka hadi -0.17. Wachumi, baada ya hesabu ndefu, wamekubali rasmi kwamba yapo maisha yaliyo chini ya kifo.

Sifa nyingine ya ASCOT ni kwamba haikomei kuuliza mtu yu hali gani. Humuuliza pia hali yake ingekuwaje kama msaada huu usingekuwepo na hakuna mwingine wa kuziba pengo. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo mchango wa huduma. Bila swali la pili, nyumba inayopokea wazee wenye nguvu zao ingejivunia afya ambayo haikuileta, na ile inayopokea waliokata tamaa ingeonekana mbovu. Katika suala la utu, kuna swali linalomwezesha mhojiwa kueleza kwanza jinsi kule kuhitaji msaada tu kunavyomfanya ajione. Jibu hilo haliingii kwenye alama. Kinachoingia ni namna anavyosaidiwa. Mtunzaji hawezi kulaumiwa kwa uzee wa mtu, lakini kumvua nguo mlango ukiwa wazi ni kosa lake.

Ugumu uko kwenye jibu lenyewe. Mchumi Amartya Sen ameeleza uchunguzi wa afya uliofanyika mwaka 1944 huko Singur, karibu na Calcutta, mwaka mmoja baada ya njaa kuu ya Bengal. Wagane asilimia 48.5 walisema wanaumwa au hawako sawa. Kwa wajane ilikuwa asilimia 2.5 tu. Wajane hao hawakuwa na afya njema kuwapita wagane. Walikuwa wamezoea kutotarajia kitu. Aliyefundishwa na maisha kuomba kidogo hutosheka na kidogo, na dodoso humwandika kuwa ametosheka.

Lakini hoja hiyo isitumike kumnyima mtu haki ya kusema ameridhika. Mwaka 1999, watafiti Gary Albrecht na Patrick Devlieger waliandika kwamba asilimia 54 ya watu wenye ulemavu mkubwa waliohojiwa walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Katika tafiti za watu wenye demensia, mara nyingi ndugu na watunzaji huyapa maisha ya mgonjwa alama za chini kuliko anazojipa mwenyewe. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na pengine huujui usingizi wake pia. Kwa wasioweza tena kujibu, ASCOT hutumia mtu wa kuketi nao ukumbini na kuangalia: nani anaongeleshwa, nani amegeuziwa ukuta. Njia hiyo ni ghali na ya polepole, na bado haijapatikana bora kuliko hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki ugumu huu una sura yake. Hali huulizwa kutwa nzima, na jibu hujulikana kabla ya swali. Hata mgonjwa aliyelazwa huitikia kwanza kwamba hajambo, kisha ndipo aeleze usiku ulivyokuwa. Mzee wa makazi ya wazee ya Nunge, Kolandoto au Sebleni akiulizwa na ofisa yuleyule anayegawa sabuni kama anatunzwa vizuri, adabu na akili vyote vitamwelekeza kushukuru. Tukichukua dodoso la Kent na kulitafsiri tu, tutavuna alama za juu ajabu.

Na kwa sasa tunachohesabu ni tulichotoa. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni ya mwezi, ambayo wakati huo ilikuwa Sh 20,000, na Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, hulipa Ksh 2,000. Hizo ni hatua za kweli. Ila idadi ya waliolipwa, kama idadi ya magodoro na katoni za sabuni zinazopigwa picha siku ya ugeni, haielezi siku ya mzee inapitaje. Wengi, tena, hawako kwenye makazi yoyote: wanatunzwa na binti au mkwe, ambaye naye haulizwi. ASCOT ina toleo la watunzaji wa familia. Sisi hatujaanza hata kuwaorodhesha kama watu wanaofanya kazi.

Maswali yetu basi yaache kuomba shukrani na yaulize matukio. Leo nani aliamua uamke saa ngapi? Mara ya mwisho ulitoka nje ya geti lini? Ukikataa kuoga alfajiri, hutokea nini? Anayeuliza asiwe mwajiriwa wa mahali hapo, na majibu yachapishwe pamoja na hesabu ya waliohitaji msaada wasiupate. Pasipo hesabu hiyo ya pili, wastani wowote mzuri utakuwa umepatikana kwa kutowauliza walio nje ya mlango.