Ventirade ya ordinatere: mavumbi yalitaka kutupotezea mafaili ya wenzetu

Siku tatu mbele ya kwenda kwa Inspekta wa Kazi, ordinatere ya biro yetu ya sendika, hapa Kolwezi, ilizimika. Tuliiwasha tena. Ilipiga kelele kama kinu dakika tano, kisha ikazimika. Tulikuwa tunamaliza hesabu ya wenzetu 11 wenye walifukuzwa kazi na kampuni moja ndogo yenye inafanya kazi chini ya kampuni kubwa. Miaka ya kazi, likizo zenye hazikulipwa, saa za kuongeza, vyeti vya munganga vya wale wawili wenye waliumia: yote ilikuwa ndani ya ile mashini. Karatasi zingine tulikuwa nazo katika kartoni, lakini hesabu yenyewe, hapana.

Tuliita fundi mumoja. Alisikiliza ile kelele, akatikisa kichwa. “Batata, prosesere ilishakufa. Muuze mashini ingine tu.” Bei yenye alitaja ilipita michango yetu ya miezi mitatu. Na hakufungua hata visi moja.

Mwenzetu mumoja wa kazi ya usiku iko na mutoto mwanaume mwenye anasoma mambo ya elektroniki. Alikuja na turnevisi na burushi ya kupaka rangi. Alituambia: “Bapapa, tufungue kwanza. Mutu haandikwe maiti mbele munganga hajamuona.” Tulifungua, na sisi wote tulinyamaza. Juu ya prosesere kunakuwa kitu chenye mafundi wanaita ventirade: radiatere ya chuma yenye mabati membamba mengi, na ventilatere inafungwa juu yake. Ile yetu haikuonekana tena. Kati ya mabati mulijaa mavumbi mekundu, yalishikamana kama blanketi. Ni yale mavumbi ya barabara ya makamyo, yenye tunakula kila siku katika kiangazi.

Sisi watu wa mungodi tulipaswa kuelewa mbele ya wengine. Chini ya ardhi, hewa ikikosa kupita, kazi inasimama, na kama haisimame tunakataa kushuka. Dereva wa kamyo kubwa anajua kwamba radiatere ikijaa matope, motere inachemka. Prosesere ni vilevile. Ni kipande kidogo kinapita kidogo ukubwa wa kiberiti kwa upana, lakini umeme wote wenye inakula unageuka joto. Joto likikosa njia ya kutoka, prosesere inapunguza kwanza mwendo wake kusudi isiungue. Prosesere nyingi zinafanya vile karibu na digri 100. Kama joto linaendelea kupanda, inazima mashini yote. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajilinda, na sisi tulikuwa tunaiwasha tena kwa nguvu.

Lakini ile joto ya miezi mingi ilikuwa imeharibu kitu kingine: kwenye karte-mere, ile sahani kubwa yenye vipande vyote vinashikamana nayo, kondasatere mbili zilikuwa zimevimba kichwa. Basi tulituma mutu Lubumbashi anunue karte-mere ya okazio ya aina ile ile. Prosesere, disike, boite na ventirade tuliamua kutumia vile vya zamani, na kujenga mashini upya sisi wenyewe. Haya njo mambo tulijifunza, pamoja na kosa letu.

Kwanza ni kuondoa. Kijana aliwasha mashini dakika chache kusudi pate ya zamani ilegee, kisha akaizima na kuchomoa waya wa umeme. Aligusa chuma cha boite kwa mukono, kwa sababu umeme mudogo wa mwilini unaweza kuua vipande. Alichomoa waya wa ventilatere, akazungusha vichwa vya miguu minne ya plastike kufuata mushale wenye umeandikwa juu yao, akaivuta mumoja mumoja. Hakung’oa ventirade kwa nguvu. Aliizungusha polepole kushoto na kuume mpaka ikaachana. Kwa prosesere za AMD za aina ya AM4, hili jambo ni la kuangalia sana: zenyewe ziko na meno madogo chini, na ukivuta kwa pupa prosesere inatoka pamoja na ventirade, meno yanapinda.

Pili ni kusafisha. Tulitenganisha ventilatere na radiatere. Ventilatere haiingie ndani ya maji: ni burushi kavu, na kitambaa chenye unyevu kidogo kwa mabawa. Radiatere yenyewe, kama ni chuma tupu, unaweza kuiosha na maji ya sabuni, kisha iache kwenye jua mpaka ikauke kabisa. Wengine wanakwenda kwa kwadro kupuliza na kompresere ya matairi. Inafaa, lakini toa kwanza maji yenye yanakaa ndani ya kompresere, simama mbali kidogo, na ushike mabawa ya ventilatere na kidole kusudi yasizunguke kama wazimu. Kupuliza na kinywa, hapana: unatia mate.

Radiatere ilipong’aa, tuliona katikati yake kipande cha duara, chekundu. Shaba. Mukubwa wetu mumoja, mwenye alifanya miaka mingi kwenye katode, aliigusa na kucheka. Labda ilitoka hapa kwetu, labda ilitoka Chili, hakuna mwenye anaweza kujua. Lakini aliuliza swali la kweli: kwa nini wanatia shaba pale katikati, na alumini pembeni? Kijana alijibu: shaba inapitisha joto karibu mara moja na nusu kuliko alumini, hata zaidi kidogo. Pale joto linazaliwa, ni muzuri liondoke mbio. Alumini ni nyepesi na bei yake ni ya chini, inafaa kwa mabati ya pembeni. Sisi tulichimba ile shaba miaka yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuona ikifanya kazi yake.

Tatu ni pate. Kati ya prosesere na ventirade kunakaa pate ya kupitisha joto. Yetu ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Watu wengi wanafikiri pate njo inapoza. Hapana. Chuma kikionekana laini kwa macho, kiko na mashimo madogo sana, na ndani yake munakaa hewa. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Pate inajaza yale mashimo na kufukuza hewa. Lakini pate yenyewe iko chini sana ya shaba, kwa hiyo ukitia nyingi unajenga ukuta. Inaomba kidogo: kipimo cha kunde moja ndogo, katikati ya prosesere. Uzito wa ventirade utaitandaza.

Mbele ya kuitia, pangusa ile ya zamani pande zote mbili, na kitambaa chenye hakiache nyuzi na alkoli ya digri 90 ya farmasi. Petroli inaacha mafuta. Lutuku pia hapana: iko na maji mengi, na tunajua itaishia wapi. Kuna watu wanatia dawa ya meno. Inafanya siku chache, kisha inakauka.

Ine ni kuweka, na hapa tulikosea. Kijana alitushauri tufunge ventirade mbele ya kuingiza karte-mere ndani ya boite, kusudi tuone upande wa nyuma. Sisi tulikuwa na haraka, tukaingiza karte kwanza. Tulirudisha vichwa vya miguu minne mahali pake, tukasukuma, tukasikia “tak” mara tatu, na ya ine tukajisemea kwamba tulisikia. Tukachomeka waya wa ventilatere pale pameandikwa CPU_FAN, tukawasha, tukaingia katika BIOS, mahali mashini inaonyesha joto lake. Digri 60. Digri 75. Digri 88, na hatujafanya kazi yoyote. Kijana alichomoa waya.

Muguu mumoja haukuwa umepita karte. Ventirade ilikaa upande, kama meza yenye muguu mufupi. Tulirudia yote: kutoa, kupangusa, pate mupya, maana pate yenye ilishafinywa hairudiwe kutumiwa. Sasa karte ilikuwa juu ya meza. Tulisukuma miguu kwa musalaba: kona moja, kisha kona yenye inaielekea, kama vile tunafunga buloni za gurudumu la kamyo. Tuligeuza karte na kuhesabu nyuma: mumoja, mbili, tatu, ine. Kama ventirade yako iko na visi, ni sheria ile ile: zungusha kidogo kila moja kwa musalaba, usikaze moja mpaka mwisho.

Tuliwasha. BIOS ilionyesha digri 41, ikabaki karibu na pale. Ile prosesere yenye waliita maiti ilikuwa muzima. Usiku ule tulifungua mafaili, yote 11 yalikuwapo, na asubuhi tuliyapiga kwenye karatasi. Mbele ya Inspekta, kampuni ilisema haina deni. Tuliweka hesabu juu ya meza, mwezi kwa mwezi. Jambo halijaisha, lakini sasa linazungumuzwa na namba, haliko tena neno lao juu ya neno letu.

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wenye muko na ordinatere mu sendika, mu masomo, mu parokia: tuliamua mambo matatu. Mashini haikai tena chini, iko juu ya meza, mbali na mulango. Katika kiangazi inafunguliwa kila miezi miwili, na tarehe inaandikwa juu ya boite na kalamu. Na kila mafaili ya mufanyakazi iko na kopi ingine nje ya ile mashini. Mukisikia ventilatere inapiga kelele kuliko jana, musingoje. Ni mashini inaomba hewa, na sisi zaidi ya wote tunajua maana ya kuomba hewa.