Ubingwa wa Beroe wa Mwaka 1986 na Amri Iliyoutangulia

Katika historia ya soka ya Bulgaria, msimu wa 1985–1986 ndio msimu pekee ambao Beroe, timu ya mji wa Stara Zagora ulioko kwenye uwanda wa Thrakia, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu, na ubingwa huo haujarudi tena mjini hapo hadi leo. Masimulizi mengi ya soka ya Ulaya Mashariki huupitia msimu huo kwa sentensi moja, kisha huueleza kuwa ni bahati iliyotokana na balaa lililozikumba timu mbili kubwa za mji mkuu, Sofia. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yakiachwa peke yake yanaidhulumu timu iliyocheza mechi 30 na kumaliza kileleni, na yanaficha jinsi soka ya nchi hiyo ilivyokuwa ikiendeshwa.

Ligi kuu ya Bulgaria wakati huo iliitwa Kundi A, nayo ilikuwa na timu 16 zilizokutana mara mbili, nyumbani na ugenini, ambapo ushindi ulizaa pointi mbili. Vilabu havikuwa mali ya wafanyabiashara wala ya wanachama, bali viliegemea idara za dola, viwanda, reli au serikali za miji. CSKA, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa klabu ya jeshi, ilhali Levski, iliyoasisiwa mwaka 1914 na kupewa jina la mwanamapinduzi Vasil Levski aliyenyongwa na watawala wa Kiosmani mwaka 1873, iliunganishwa na Spartak ya Sofia mwaka 1969 na kuwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani wizara iliyosimamia polisi. Utani wa jadi kati ya timu hizo mbili ulikuwa, kwa namna hiyo, pia ushindani wa wizara mbili zenye nguvu kuliko zote nchini.

Mfumo huo ulikuwa na matokeo ya moja kwa moja uwanjani. Kijana yeyote wa Bulgaria alilazimika kulitumikia jeshi, na mchezaji mwenye kipaji kutoka mkoani aliyefikia umri huo angeweza kupangiwa utumishi wake katika klabu ya jeshi, ambako alifanya mazoezi na kucheza ligi huku akihesabiwa kuwa askari. Klabu ya mkoani, iliyomlea tangu utotoni, haikuwa na mkataba wa kuonyesha wala fedha za kushindana na wizara. Si ajabu, basi, kwamba tangu Trakia ya Plovdiv ilipochukua ubingwa mwaka 1967, kombe la ligi halikutoka nje ya Sofia kwa misimu 18 mfululizo, na katika misimu hiyo yote ni mmoja tu, ule wa 1978 ulioangukia kwa Lokomotiv ya Sofia, ambao haukwenda kwa Levski wala CSKA.

Msimu wa 1984–1985 ulielekea kumalizika kwa desturi hiyo hiyo, kwani Levski ilishika nafasi ya kwanza na CSKA ikaifuata. Lakini tarehe 19 Juni 1985 timu hizo zilikutana katika fainali ya Kombe la Bulgaria kwenye Uwanja wa Taifa wa Vasil Levski, na CSKA ikashinda kwa mabao 2 kwa 1 katika mchezo ambao haukukumbukwa kwa mabao hayo. Wachezaji wa Levski walidai kwamba bao la wapinzani wao lilikuwa limetanguliwa na mpira kushikwa kwa mkono, wakamzonga mwamuzi, na kutoka hapo pambano likageuka kuwa mfululizo wa rafu, matusi na ngumi mbele ya watazamaji na kamera za televisheni. Katika nchi ambayo chama tawala kilitaka michezo iwe kioo cha nidhamu ya kijamaa, kuonekana kwa klabu ya jeshi na klabu ya polisi zikipigana hadharani lilikuwa jambo lisilovumilika.

Adhabu haikutoka kwa chama cha soka, bali kwa Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha Bulgaria, ambacho kiongozi wake, Todor Zhivkov, alikuwa madarakani tangu mwaka 1954. Siku chache baada ya fainali ilitangazwa kwamba vilabu vyote viwili vimevunjwa, ubingwa wa Levski umefutwa, kombe la CSKA limefutwa, na baadhi ya wachezaji wamefungiwa maisha, miongoni mwao mlinda mlango wa Levski, Borislav Mihaylov, na kijana wa CSKA aliyekuwa na umri wa miaka 19, Hristo Stoichkov. Mahali pa vilabu vilivyovunjwa zikaundwa timu mpya: CSKA ikawa Sredets, jina la kale la mji wa Sofia, na Levski ikawa Vitosha, jina la mlima unaoutazama mji huo. Inafaa kukumbukwa kwamba katika majira ya baridi ya mwaka huo huo dola hiyo hiyo ilikuwa imewalazimisha mamia ya maelfu ya raia wake wenye asili ya Kituruki kuacha majina yao ya kuzaliwa na kuchukua ya Kibulgaria. Madhila ya watu hao hayawezi kupimwa kwa mizani moja na masaibu ya timu za mpira, lakini mkono uliotia saini ulikuwa mmoja, na imani iliyouongoza ilikuwa moja, kwamba kitu kikibadilishwa jina kwa amri kimebadilika.

Hata hivyo, amri hiyo haikuziteremsha daraja timu hizo mbili, jambo ambalo masimulizi mengi hulisahau. Sredets na Vitosha zilianza msimu wa 1985–1986 katika Kundi A, zikiwa na wachezaji wengi wale wale wa zamani, na Vitosha ilimaliza msimu huo ikiwa imetwaa Kombe la Bulgaria. Kwa hiyo, kusema kwamba Beroe ilishinda kwa kuwa wakubwa hawakuwapo ni kukosea, kwa sababu walikuwapo na ilibidi wachezewe nyumbani na ugenini kama wengine. Kilichopungua ni wachezaji kadhaa muhimu waliokuwa wakitumikia adhabu, utulivu wa uongozi uliokuwa umepanguliwa, na pengine jambo kubwa kuliko yote, kivuli cha wizara mbili ambacho kwa muda kilikuwa kimejikunja.

Waliokuwa tayari kuutumia mwanya huo ni mikoa, na utayari wao haukuanza siku ile amri ilipotangazwa. Trakia ya Plovdiv, timu inayoitwa Botev leo, ilikuwa imeifunga Bayern Munich mabao 2 kwa 0 mjini Plovdiv katika Kombe la Washindi la Ulaya mwishoni mwa mwaka 1984, ingawa ilitolewa kwa sababu ya kipigo cha 4 kwa 1 ilichokipata Ujerumani. Na ndiyo iliyokwenda kuiwakilisha nchi katika Kombe la Mabingwa la Ulaya baada ya Levski na CSKA kuadhibiwa. Katika msimu wa 1985–1986 Trakia ilimaliza ya pili, na mshambuliaji wake, Atanas Pashev, akawa mfungaji bora wa ligi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mbio za ubingwa ziligombewa na miji miwili ya uwanda mmoja, iliyotenganishwa na mwendo usiozidi saa chache kwa gari.

Beroe nayo haikuwa timu iliyochipuka usiku mmoja. Katika muongo wa miaka ya 1970 ilikuwa na Petko Petkov, mshambuliaji aliyekuwa mfungaji bora wa ligi mara mbili, na katika mashindano ya Ulaya iliwahi kuichabanga Austria Wien mabao 7 kwa 0, kisha ikaitoa Athletic Bilbao ya Hispania katika Kombe la Washindi la 1973–1974 kabla ya kutolewa na Magdeburg ya Ujerumani Mashariki, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe hilo mwaka huo. Nyumbani ilifika fainali ya kombe la nchi mara nne kati ya mwaka 1968 na 1980 na ikapoteza zote nne. Rekodi ya aina hiyo ni ya timu iliyokuwa na uwezo wa kumshinda yeyote kwa siku moja, lakini ikakosa kina cha kikosi, kwa kuwa wachezaji wake bora walikuwa wakichukuliwa kwenda Sofia. Mfano wa wazi ni Stoycho Mladenov, aliyetoka Stara Zagora kwenda CSKA mwaka 1980 na miaka miwili baadaye akaifungia klabu hiyo mabao mawili yaliyoivua Liverpool ubingwa wa Ulaya.

Mtu anayetaka kujua ubora wa timu ya ligi huangalia mechi ngumu za ugenini kuliko ushindi mnono wa nyumbani, kwani chini ya utaratibu wa pointi mbili kwa ushindi, timu iliyojua kutopoteza ingeweza kumshinda mwenye mabao mengi zaidi. Beroe, chini ya kocha Iliya Iliev, ilimaliza mbele ya Trakia, ingawa Trakia ilikuwa na mfungaji hatari kuliko wote nchini. Kombe la mtoano laweza kumwendea mwenye bahati ya siku chache. Ligi ya mechi 30 haimpi mtu bahati kwa miezi kumi.

Katika vuli ya mwaka 1986 mabingwa hao wapya, Beroe, walipangiwa katika Kombe la Mabingwa la Ulaya Dynamo Kyiv ya kocha Valeriy Lobanovskyi, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imetwaa Kombe la Washindi la Ulaya na ambayo mshambuliaji wake, Ihor Belanov, alichaguliwa mwaka huo kuwa mchezaji bora wa Ulaya. Mjini Stara Zagora mchezo ulimalizika kwa sare ya 1 kwa 1, na katika marudiano Beroe ikalala kwa mabao 2 kwa 0, matokeo ambayo hakuna sababu ya kuyaonea aibu.

Adhabu za kufungiwa maisha hazikufika mbali. Mihaylov alilinda lango la Bulgaria katika Kombe la Dunia la Mexico lililoanza tarehe 31 Mei 1986, kabla hata mwaka mmoja haujatimia tangu fainali ile, na Stoichkov alirudi uwanjani akawa mchezaji bora wa Ulaya wa mwaka 1994. Sredets ilichukua ubingwa mwaka 1987 na Vitosha mwaka 1988, yaani Sofia ilirudi kileleni ikiwa imevaa majina ya kupewa. Zhivkov aliangushwa Novemba 1989, majina ya zamani yalirudi, na mwaka 1990 Levski ilirudishiwa ubingwa wa 1985 na CSKA kombe lake. Mwaka 1991 bingwa alikuwa Etar ya Veliko Tarnovo, timu nyingine ya mkoani.