Kasuku Aliyepotea (Sehemu ya Pili): Saa za Kwanza

Wiki iliyopita tuliishia pale kasuku aliyeponyoka amekwisha kushushwa kwenye mwembe, amefunikwa taulo, na kunguru wamefukuzwa. Leo tuzitazame saa zinazofuata. Ndege aliyenusurika na midomo ya kunguru anaweza kabisa kufia mikononi mwa watu wanaomhurumia.

Namsema hasa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule wa misitu ya Kongo na Uganda. Hata aliyezoea kuitwa jina na kulishwa mkononi bado ni kiumbe kinachowindwa, na kiumbe kinachowindwa huficha udhaifu wake. Akishindwa kuuficha, ujue hali imekwisha kuwa mbaya. Amejikunyata, manyoya yamemtutumka, macho nusu yamefumba: watu husema ametulia. Hajatulia, amezidiwa. Mwangalie mkia. Ukiona unapanda na kushuka kwa kila pumzi, au anahema mdomo wazi ilhali hayuko juani, anapumua kwa taabu, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo mara moja.

Kumshika kwenyewe kuna hatari. Sisi tuna kiwambo kinachovuta hewa hata mbavu zikibanwa kidogo. Ndege hana. Hupumua kwa kusogeza kidari mbele na nyuma, kwa hiyo mkono unaomkumbatia kifua kwa mapenzi unamnyonga. Mshike shingoni chini ya taya na miguuni, kifua kiwe huru, halafu mwachie upesi.

Mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lililotobolewa matundu, chini pawe na kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Boksi ni bora kuliko kizimba kwa usiku wa kwanza kwa sababu lina giza, na giza humtoa ndege kiwewe kuliko dawa yoyote uliyo nayo nyumbani. Akiwa amezizima kwa mvua, weka upande mmoja wa boksi chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, upande wa pili uachwe bila joto ili asogee mwenyewe akitaka. Mwili wa ndege huwa na nyuzijoto 41 hivi, tena akiwa mnyonge hupoteza joto haraka. Lakini aliyeokotwa saa saba mchana katika jua la Dar es Salaam au Mombasa, mbawa ameziachanisha na mwili huku anatweta, huyo anataka kivuli na hewa, wala si chupa.

Sasa hapa ndipo nawasihi wenzangu: msimnyweshe! Najua mkono unawasha kuchukua kijiko. Tundu la kupitishia hewa la kasuku liko papo hapo nyuma ya ulimi, na maji yanayomiminwa mdomoni huingia mapafuni. Weka kisahani kifupi cha maji ndani ya boksi, pembeni kipande cha papai au wali mkavu usio na chumvi, kisha funika uondoke. Maziwa hapana, ndege hawezi kuyasaga. Parachichi hapana kabisa, kwake ni sumu. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, nayo huharibu ini.

Chumba nacho kichaguliwe. Kisiwe na jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma wala ya kupuliza, maana mapafu yake hufyonza hewa, na sumu iliyomo, kwa wepesi unaotushinda mbali. Kisiwe karibu na banda la kuku, asije akabeba au kuletewa kideri. Nawa mikono kila umgusapo, kwani kasuku anaweza kumwambukiza mtu homa inayoshambulia mapafu.

Kukipambazuka chunguza kinyesi. Cha ndege mwenye afya kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, cheupe kama chokaa, na majimaji kidogo. Kikiwa kichache chenye kijani kibichi kilichokolea, hajala. Kikiwa na damu, usingoje.

Na paka akiwa amemgusa, hata kama huoni zaidi ya tundu dogo la jino, usisubiri kupambazuke. Mate ya paka yana bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku mbili, hivyo anahitaji dawa ya daktari upesi.

Wiki ijayo tutaeleza namna ya kumtafuta mwenyewe, na sheria zinasemaje kuhusu kasuku huyu ambaye tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa, kwa wale wanaonaswa porini, imepigwa marufuku. Kwa leo, ukikuta pete mguuni, andika namba zake kwenye karatasi na usizitangaze popote. Atakayekuja kudai ndege, mwache azitaje yeye.