Chungu cha watu wanane

Jumamosi Kakamega huanza mapema. Fahali hupambana Khayega au Malinya umande ukiwa bado kwenye nyasi, na jua likishapanda kila mtu ana njaa na maneno mengi ya kusema. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliweka saa nane mchana kuwa wakati wa baa kufungua wikendi. Katikati hapo marafiki wanane wana nafasi ya kuchinja jogoo na kupiga hesabu: kukaa pamoja, kuonja bia iliyopikwa kwa mikono na kushiba vizuri kunataka nini hasa?

Tuanze na bia za viwanda vidogo, zile za Nairobi na Gilgil. Tuseme kila mtu anaonja aina nne, mililita 150 kila moja. Hiyo ni lita 4.8 kwa kikundi kizima, kiasi kidogo sana. Shida iko kwenye pipa. Pipa la lita 30 hutoa glasi 200 za kipimo hicho, na wanane wetu wanahitaji glasi nane tu kutoka kila pipa, yaani asilimia 4. Ili mapipa manne yaishe, lazima vije vikundi 25. Nairobi vikundi hivyo hupatikana kabla wiki mbili hazijapita. Kakamega, zaidi ya kilomita 350 kutoka huko, bia hai isiyopenda joto husafirishwa ikiwa baridi, kisha inasubiri wanywaji. Ndiyo maana huku mtu hukutana na chupa tu, tena chache.

Kodi nayo? Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bia Kenya hupimwa kwa alkoholi iliyomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi, na shilingi 10 kwa mtengenezaji mdogo anayejitegemea. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina sentilita 2.5. Ya kiwanda kikubwa hutozwa shilingi 56.25, ya mdogo shilingi 25. Kwa utaratibu wa awali wa shilingi 142.44 kwa lita, zote mbili zilitozwa shilingi 71.22. Hayo ni mabadiliko makubwa, na nadhani hayajasemwa vya kutosha nje ya Nairobi.

Ila tazama sheria inamwita nani mdogo: asiyezidi lita 150,000 kwa mwezi. Zigawe kwa vyungu vya lita 20 vya busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, unapata vyungu 250 kila siku. Kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichofunguliwa upya mwaka 2019 kwa shilingi bilioni 15, kilijengewa uwezo wa lita milioni 100 kwa mwaka, kwa hiyo mbele yake mtu wa lita milioni 1.8 ni mdogo kweli. Sasa mweke kando yao mama wa Shinyalu anayepika chungu kimoja kwa wiki. Lita 1,040 kwa mwaka. Ni mdogo mara 1,700 kuliko yule "mdogo" wa sheria, lakini akitaka kuuza busaa kihalali, naye ni mtengenezaji anayehitaji leseni. Mlango wa kuuza pombe za kienyeji ulifunguliwa na sheria ile ya mwaka 2010, ukajengwa kwa kimo cha kiwanda. Hilo linaniuma, kwa sababu hesabu za chungu ndizo zinazofaa Kakamega kuliko zote.

Chungu cha lita 20 huisha kwa kikao kimoja cha watu wanane. Hakuna pipa linalosubiri wageni wa wiki ijayo, na busaa yenyewe haisubiri, kwani baada ya siku chache huwa chachu isiyonyweka. Mahindi yametoka shambani au sokoni, kimea cha wimbi vilevile, na safari ya kinywaji ni kutoka jikoni hadi uani. Tukichukua busaa ya asilimia 3, chungu kizima kina sentilita 60 za alkoholi. Orodha ya ushuru inataja pia bia nzito isiyo angavu, ambayo busaa ni jamaa yake, na kwa kiwango cha mdogo ushuru ungekuwa shilingi 600, sawa na 75 kwa kichwa. Kila mmoja angekunywa lita mbili na nusu, na hapo asijidanganye kwamba ni uji: alkoholi yake ni ile ya chupa tatu za bia. Pikipiki na gari vibaki nyumbani.

Wazee walizunguka chungu kila mtu na mrija wake mrefu uliotengenezwa kwa mmea mtambaa, wenye kichujio kilichosukwa ncha ya chini, na maji ya moto yakiongezwa chungu kikipoa. Günter Wagner, aliyefanya utafiti kwa Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930, aliona pombe ikishika nafasi kubwa katika sherehe na mapatano yao. Mtu hakujipimia glasi. Urefu wa mrija ndio uliopanga nani akae umbali gani.

Na chakula? Hapo ndipo busaa inapoishinda bia ya chupa, kwa maoni yangu. Unga wake umechachushwa kisha ukakaangwa hadi ukawa wa kahawia, kwa hiyo ina uchachu na harufu ya moto kwa pamoja. Uchachu huo hukata mafuta ya ingokho, yaani kuku. Huusafisha ulimi baada ya mboga ya mrenda iliyopikwa kwa munyu, chumvi ya majivu, na hutuliza uchungu wa mboga ya isaga. Obusuma, yaani ugali, hubeba vyote. Imondo, yaani firigisi, ni moja kwa kila kuku, na hapo hakuna hesabu ya kugawanya kwa wanane: ina mwenyewe.

Gharama kubwa kwenye meza hii ni muda. Kuku wa kienyeji hutaka karibu miezi sita kukua. Busaa hutaka takribani wiki: unga ulale ndani ya maji siku kadhaa, ukaangwe kwenye bati uani, uchanganywe na kimea, uchachuke tena, uchujwe. Anayewaalika wenzake saba kwa Jumamosi ijayo, unga uwe umelowekwa leo.