Majitaka ya Dallas, maji ya kunywa ya Houston

Sehemu ya uwanja wa ndege wa Dallas/Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, imo ndani ya mipaka ya mji mdogo wa Euless. Maji yanayotoka vyooni na jikoni mjini humo huwa na safari ndefu.

Hukusanywa pamoja na ya miji jirani hadi kwenye mtambo wa Mamlaka ya Mto Trinity, huko Grand Prairie. Baada ya kusafishwa humwagwa mtoni. Mto huo huelekea kusini-mashariki hadi ziwa Livingston, ambalo ni chanzo kikubwa cha maji ya kunywa ya Houston. Wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya maji ya mto chini ya Dallas hutokana na mitambo ya majitaka.

Je, maji yakishasafishwa, hatari iko wapi?

Mkojo na kinyesi vina nitrojeni na fosforasi, rutuba ile ile ambayo mkulima huinunua katika mifuko ya mbolea. Ikiingia mtoni au ziwani, hustawisha mwani. Mwani unapokufa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa hewa. Baadhi ya mwani hutoa sumu.

Kati ya mwaka 1970 na 1985, samaki zaidi ya milioni moja walikufa katika mto Trinity chini ya Dallas, katika matukio 13. Mafuriko yalitibua tope lililojaa uchafu, na oksijeni ikapungua ghafla.

Kufuatia sheria ya maji safi ya mwaka 1972, mitambo iliboreshwa na samaki wakarejea. Hata hivyo, kugeuza amonia kuwa naitreti hupunguza sumu tu, rutuba hubaki. Kuiondoa kunahitaji hatua za ziada, ambazo ni ghali.

Njia mojawapo ni ardhi oevu. Karibu na bwawa la Richland-Chambers, maji ya mto Trinity hupitishwa polepole katika madimbwi yenye mimea, ambamo tope hutuama na mimea hufyonza rutuba. Mradi huo ulikamilika mwaka 2013.

Wakazi wa Kampala wanaifahamu hali hii. Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji machafu ya jiji katika ghuba ya Murchison, ziwa Victoria, na ni katika ghuba hiyo hiyo ndipo mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa. Kinamasi cha Nakivubo, kilichokuwa chujio la asili, kimemegwa na mashamba na majengo.

Tofauti ni kwamba uchafu wa Dallas hushuka kwa jirani wa mbali, ilhali wa Kampala humrudia mwenyewe. Kadiri miji inavyokua, kulinda kinamasi kilichopo huenda kukawa nafuu kuliko kutengeneza kipya.