Mwuguzi Akienda Uingereza: Cheti cha Nyumbani Hakitoshi

Siku hizi ni jambo la kawaida kusikia ya kuwa binti wa fulani, aliyesomea uuguzi kwa taabu ya wazazi wake, ataka kwenda kufanya kazi Uingereza. Jamaa hukutana, ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, kisha watu hungoja fedha zirudi. Si vibaya kutafuta riziki mbali. Lakini yafaa wazazi wajue jambo moja kabla ya kuuza hata mbuzi: mtu aliyefuzu uuguzi kwetu, akishuka Uingereza, bado hajawa mwuguzi mbele ya sheria ya huko. Atakuwa mwuguzi siku jina lake litakapoandikwa katika daftari yao. Leo twataka kueleza njia ya kuifikia daftari hiyo, hatua kwa hatua.

DAFTARI HIYO NI NINI?

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Waingereza waliona kuwa hata maisha ya wagonjwa yataka daftari. Zamani mtu yeyote huko aliweza kujiita mwuguzi, awe amefundishwa au hakufundishwa. Mwaka 1919 sheria ilitungwa, na mwaka 1921 daftari ya wauguzi ikafunguliwa. Jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la Bibi Ethel Gordon Fenwick, aliyekuwa ameshindania jambo hilo kwa miaka mingi.

Siku hizi daftari hiyo hutunzwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, ambalo kwa kifupi huitwa NMC. Sisi nasi Tanzania tunalo Baraza letu la Uuguzi na Ukunga. Mwuguzi wa Kiingereza akija kutibu watu wetu, naye lazima apate ruhusa ya Baraza letu kwanza. Basi mtoto wetu asione kuwa amedharauliwa akiambiwa ajaribiwe upya. Kila nchi huwalinda wagonjwa wake.

HATUA ZINAZOFANYWA NYUMBANI

Kwanza ni karatasi. NMC hutazama hati ya chuo na leseni ya mwombaji, na hutaka uthibitisho kutoka Baraza la kwao. Uthibitisho huo hutoka Baraza kwenda Baraza. Haupiti mkononi mwa mwombaji. Na hapa sisi makarani wa parokia twajua taabu moja. Mtoto alibatizwa Theresia, shuleni akaandikwa Teresa, chuoni akaongeza jina la babu, na pasipoti ina jina la mume. Kwetu kijijini kila mtu ajua kuwa ni mtu mmoja. Lakini karani wa London hamjui yeyote. Yeye aona watu wanne. Majina yasahihishwe mapema kwa njia ya sheria, wakati muda ungalipo.

Pili ni mtihani wa Kiingereza. Mwombaji aweza kufanya ule uitwao IELTS, akapata alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, ambapo alama ya juu kabisa ni 9. Au aweza kufanya mtihani mwingine uitwao OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa kazi za afya. Asijidanganye mtu kuwa alisoma chuoni kwa Kiingereza, hivyo ataweza bila kujitayarisha.

Tatu ni mtihani wa kompyuta. Una sehemu mbili: hesabu 15, nyingi zikiwa za kupima dawa, kwa nusu saa, na maswali 100 ya kazi ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Mtihani huu hufanywa katika vituo vilivyo katika nchi nyingi. Hakuna haja ya kupanda ndege ili kuufanya.

MTIHANI WA MIKONO

Akishinda hayo yote na kupata mwajiri, ndipo husafiri. Na huko wamngojea mtihani wa mwisho, ule wa vitendo, uitwao OSCE. Hufanywa Uingereza tu, katika vituo vichache kama Northampton, Oxford na Leeds. Mtahiniwa hupita vituo kumi, kimoja baada ya kingine. Hapa atampima mgonjwa, pale ataandika mpango wa kumwuguza, kwingine atampa dawa, huku msimamizi akimtazama kwa kalamu mkononi.

Wengine hushangaa kumwona mwuguzi hodari akianguka katika mtihani huo. Mtu aliyeendesha zahanati ya kijiji peke yake, akashona vidonda na kuwapokea watoto usiku kwa taa ya mkono, aweza kushindwa kwa sababu alitoa dawa bila kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, au bila kuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mkono wake ni mzuri, lakini ameruka desturi ya mahali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtu hupewa nafasi tatu tu. Akishindwa mara zote, lazima angoje miezi sita kabla ya kuomba upya, na katika muda huo aweza kupoteza kazi pamoja na kibali cha kukaa. Kabla ya kushinda, hufanya kazi chini ya macho ya wengine, kwa mshahara ulio chini ya ule wa mwuguzi kamili. Wazazi wasishangae basi fedha zikichelewa mwaka wa kwanza.

Jambo jingine: kwetu wengi hufundishwa uuguzi na ukunga pamoja. Uingereza kazi hizo ni mbili mbali mbali. Aliyeandikwa kuwa mwuguzi haruhusiwi kuzalisha, isipokuwa kwa dharura.

GHARAMA NA MAWAKALA

Kwa bei za mwaka 2024, NMC ilitoza pauni 140 kwa kutazama hati, 83 kwa mtihani wa kompyuta, 794 kwa ule wa vitendo, na 153 kwa kuandikwa. Jumla ni pauni 1,170, mbali na mtihani wa Kiingereza, kibali na nauli. Waajiri wengi hulipa sehemu ya fedha hizo. Lakini mkataba usomwe mpaka mwisho, maana mingine husema kuwa mtu akiacha kazi mapema atarudisha gharama zote.

Sasa sikieni vizuri, enyi wazazi. Sheria ya Uingereza yakataza wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Tena, Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Kwa ajili hiyo serikali ya Uingereza imekataza waajiri wake kuja kwetu kukusanya wauguzi. Mwuguzi mwenyewe aweza kuomba kazi kwa hiari yake, hilo halikukatazwa. Lakini wakala asemaye kuwa ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi vijijini, naye adai milioni kadhaa mbele, mwachieni njia. Na yule aahidiye kibali cha kwenda kutunza wazee, mjue kuwa mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai, 2025.

NA KIJIJI JE?

Orodha ile ya nchi 55 yatukumbusha ya kuwa mwuguzi mmoja akiondoka, foleni ya akina mama zahanati huongezeka. Hatusemi kijana afungwe kamba. Twasema afikiri, na jamaa wafikiri pamoja naye. Kabla ya kuuza ng'ombe, aulizwe mambo matatu: Je, majina yako yanalingana katika karatasi zote? Je, umeshinda Kiingereza na kompyuta ukiwa hapa hapa? Je, mkataba umeusoma na kuuelewa? Akijibu ndiyo mara tatu, msaidieni. Jibu moja likiwa hapana, ng'ombe na akae zizini kwanza.